Zamu ya usiku wodini: nitamtambuaje mgonjwa anayezidiwa kabla presha haijashuka?

Nesi_Mgeni

Habari zenu wakuu. Mimi ni muuguzi, nimetoka kliniki ya wagonjwa wa nje na sasa nimepangiwa wodi ya watu wazima. Wa upasuaji na wa magonjwa ya ndani wamechanganywa humo humo. Wiki ijayo naanza zamu za usiku. Mchana wenzangu wapo, madaktari wapo, ukikwama unauliza. Usiku tutabaki wawili, na daktari wa zamu anaitwa kwa simu.

Kupima najua. Joto, mapigo, presha, oksijeni, nimefanya kazi hiyo tangu nilipohitimu. Kinachonitia hofu ni kingine. Kliniki mgonjwa anakuja kwa miguu yake na kuondoka kwa miguu yake. Hapa nitapokea mtu aliyefunguliwa tumbo mchana, ana dripu, ana katheta (mpira wa mkojo), ana dreni (mpira wa kutoa damu na majimaji kwenye jeraha), kapewa mofini ya maumivu, kalala. Nikimwangalia saa nane usiku naona mtu aliyelala basi. Nitajuaje kwamba huyu anapumzika na yule wa kitanda cha pembeni anavuja damu ndani kwa ndani, wakati presha zao zote mbili ni nzuri?

La pili, nimpigie daktari wakati gani? Sitaki kumwamsha kwa jambo dogo, wala sitaki kuchelewa kwa jambo kubwa. Nisaidieni kwa vitu vya kufanya kitandani kwa mgonjwa. Nadharia ya darasani bado ninayo.

Sista_Zamu

Mdogo wangu, karibu wodini. Tatizo lenyewe umeshaliona: presha nzuri haitoshi kukwambia mgonjwa yuko salama. Nimeishi wodi ya upasuaji miaka mingi, sehemu kubwa usiku, kwa hiyo nitakueleza ninavyofanya mimi.

Anza na pumzi. Zihesabu dakika nzima, sekunde 60, kwa saa yenye mshale wa sekunde. Shika kifundo cha mkono wake kana kwamba unahesabu mapigo, macho yako yakiwa kifuani au tumboni, maana mtu akijua unamhesabia pumzi hubadilisha anavyopumua. Naliweka hili mbele kwa sababu hakuna kipimo kinachoonewa wodini kuliko hiki. Fungua mafaili utakuta pumzi 20, 20, 20, kitanda baada ya kitanda, usiku kucha. Hakuna wodi duniani ambayo watu wote wanapumua sawasawa. Na pumzi hubadilika mapema, iwe mtu anavuja damu, ana nimonia, ana usaha tumboni au donge la damu limekwenda kwenye mapafu. Aliyekuwa na 16 saa mbili usiku, akawa na 20 saa sita, na 24 saa nane, huyo hali yake inabadilika, hata kama presha ni 120 kwa 80.

Sasa kuhusu damu. Mwili wa mtu mzima mwenye afya huilinda presha kwa kila njia uliyo nayo. Mtu wa kilo 70 anaweza kupoteza hadi asilimia 15 ya damu yake, kama mililita 750, na namba ya juu ya presha isitikisike. Akivuka hapo moyo unaanza kwenda mbio, pumzi zinaongezeka, mikono inapoa, na ile nafasi kati ya namba ya juu na ya chini inabana: aliyekuwa 120 kwa 75 unamkuta 116 kwa 92. Wengi wanaiangalia 116 na kuridhika. Wewe iangalie 92. Presha huanguka waziwazi akishapoteza zaidi ya asilimia 30, na hapo muda wako wa kumwokoa umekuwa mfupi mno.

Kuna watu wawili watakaokudanganya. Wa kwanza ni anayetumia dawa za presha zinazopunguza kasi ya moyo, kama propranololo au atenololo. Huyo anaweza kuvuja damu na mapigo yake yakabaki 80. Wa pili ni mzee ambaye presha yake ya siku zote ni 165. Ukimkuta na 112 utasema ni presha ya kijana, kumbe kwake imeporomoka. Ndiyo maana kabla ya kumpima aliyetoka upasuaji nafungua ukurasa wa jana, nione alikuwaje kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Kipimo kimoja hakina maana mpaka ukiweke kando ya kilichotangulia.

Halafu mguse. Huwezi kumwangalia mgonjwa wa upasuaji kwa kusimama mlangoni na tochi. Shika kiganja, shika miguu. Bonyeza ukucha sekunde 5 kisha achia. Rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2. Miguu iliyokuwa na joto saa tatu na sasa baridi hadi magotini, jasho jembamba kwenye paji la uso, midomo iliyopauka, hayo yote hayahitaji umeme wala betri. Kwa mwenye ngozi nyeusi usitafute weupe usoni. Angalia ndani ya kope la chini, ulimi na viganja.

Funua shuka. Bendeji ya tumbo inaweza kuonekana kavu kabisa juu, kumbe damu inafuata mteremko kwenda ubavuni na kutulia mgongoni. Pitisha mkono wako wenye glavu chini ya kiuno na uutazame. Doa likiwepo kwenye bendeji, zungushia mpaka wake kwa kalamu na uandike saa. Ukirudi baada ya dakika 30 utajua kama limekua, badala ya kubishana na kumbukumbu yako. Kama limekua, ongeza pedi juu na ubane, uite. Usivue bendeji ya kwanza iliyofungwa na mpasuaji kwa ajili ya kuchungulia.

Dreni soma vitu viwili: kiasi na rangi. Majimaji ya waridi yanayopungua kila saa ni habari njema. Yakigeuka mekundu mabichi, yakawa ya vuguvugu, chupa ikajaa haraka, usisubiri mzunguko unaofuata. Na dreni iliyokuwa inatoa vizuri ikakauka ghafla nayo inatia shaka. Kagua kama mgonjwa ameilalia, kama imekunjika, kama kuna donge ndani ya mpira. Damu ambayo haitoki nje inaweza kuwa inakusanyika ndani.

Mkojo ndio jicho lako la kuona figo na moyo kwa pamoja. Lengo ni angalau nusu mililita kwa kila kilo kwa kila saa. Mtu wa kilo 60 ni mililita 30 kwa saa. Usingoje asubuhi kumwaga mfuko na kuandika jumla ya usiku mzima. Hiyo jumla inaficha saa tatu kavu katikati. Kwa aliyepasuliwa leo mimi naangalia kila saa. Mkojo ukipungua, anza na mpira: umekunjika? umelaliwa? mfuko umewekwa juu kuliko kibofu? Mpira ukiwa sawa na mkojo bado ni mililita 10, na saa iliyofuata 10, hilo ni la kumwambia daktari. Asiye na katheta, hasa aliyechomwa ganzi ya mgongo, akifikisha saa 6 hadi 8 bila kukojoa weka mkono juu ya kinena. Ukikuta uvimbe mgumu wa duara ukimuuma, kibofu kimejaa. Na anayekojoa kidogo kidogo kila mara anaweza kuwa na kibofu kilichofurika, usimhesabu kwamba amekojoa.

Sasa huyu wako aliyelala baada ya mofini. Mwamshe. Najua inauma kumwamsha mtu aliyepata usingizi kwa shida, lakini kwa dawa hizi kusinzia kupita kiasi hutangulia, pumzi kupungua hufuata. Mwite jina, mguse bega. Akifungua macho, akajibu sentensi nzima, akarudi kulala, yuko salama kwa sasa. Akifungua macho na kuyafunga katikati ya sentensi, usiongeze dozi, kaa naye na umwambie daktari. Kukoroma usikuchukulie kuwa ni usingizi mzito. Kwa mtu aliyepewa mofini, kukoroma maana yake njia ya hewa imeziba nusu. Pumzi zikifika 8 au chini: simamisha mofini kama inaingia kwa mashine, inua kidevu, weka oksijeni, ita msaada, na naloksoni, dawa ya kupinga mofini, itolewe kwa utaratibu wa hospitali yako. Akiamka usimwache, kwa sababu naloksoni huisha mwilini kabla ya mofini na mtu anaweza kuzama tena ndani ya saa moja.

La mwisho kwa leo ni mgonjwa anayehangaika. Alikuwa mtulivu, sasa anavuta kanula, anataka kushuka kitandani, anaongea mambo yasiyoeleweka. Usimwite msumbufu, na usiombe dawa ya kumtuliza kabla hujatafuta sababu. Pima oksijeni, hesabu pumzi, gusa kibofu, pima sukari, uliza maumivu, kagua bendeji. Mara nyingi sana jibu liko kwenye mojawapo ya hayo, na dawa ya usingizi ingelifunika tu.

Kaka_Nesi

Sista amemaliza upande wa visu, niongeze upande wa magonjwa ya ndani maana mwenzetu amesema wamechanganywa.

Mwenye kisukari usiku ndiye anayenikosesha raha. Sukari ikishuka mtu anaweza kuonekana amelala tu, kumbe anazama. Mguse shingo na mgongo: fulana imelowa jasho na chumba hakina joto, pima sukari papo hapo. Chini ya 4.0 (mmol/L) ni ya kutibu. Akiwa anajitambua na anameza, mpe gramu 15 hadi 20 za glukosi kwa mdomo, pima tena baada ya dakika 15, rudia ikibidi, kisha apate chakula. Asiyejitambua usimtie chochote mdomoni, hata kijiko kimoja. Huyo ni wa glukosi ya mshipani na daktari aje. Muwe makini zaidi na aliyepewa insulini au vidonge vya sukari jioni halafu akaambiwa afunge kwa ajili ya upasuaji wa asubuhi.

Mwenye kiharusi: hakuna maji, hakuna uji, hakuna kidonge mpaka apimwe kumeza. Ndugu wa mgonjwa wanampenda na watataka kumlisha, waeleze kwa upole sababu yake. Akiruhusiwa, aketi wima kabisa, kijiko kidogo kidogo, na abaki ameketi dakika 30 baada ya kula. Sauti ikiwa ya kukwaruza yenye maji maji baada ya kumeza, au akikohoa, acha.

Na vidonda vya kulalia. Hapa nitasema kwa nguvu kidogo. Tulifundishwa kutafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani mapema, na ukisubiri uone rangi, kidonda kimeshaanza chini. Tumia nyuma ya mkono: mahali penye mfupa pana joto kuliko jirani yake? pamekuwa pagumu au pamelegea kama tope? mgonjwa anasema panauma? Hapo tayari. Wengi tunageuza kila saa 2, lakini ngozi ndiyo itakayokwambia kama saa 2 ni nyingi kwa huyu. Mlaze kwa kuegemea nyuzi 30 na mto mgongoni, si ubavu kamili, maana ubavu kamili unahamishia uzito wote kwenye mfupa wa nyonga. Visigino vielee: mto chini ya shavu la mguu, kisigino kisiguse godoro. Na msimburute juu ya shuka, mnyanyueni wawili. Kipimo cha Braden, kilichochapishwa 1987, kinasaidia kujua nani wa kuanza naye. Alama 18 au chini ni mtu wa kumlinda. Kukipima na kukifungia kwenye faili bila kumgeuza mgonjwa hakumfaidii kitu.

Nesi_Mgeni

Asanteni sana, nimeandika yote kwenye daftari. Sista, umesema "hilo ni la kumwambia daktari" mara kadhaa. Ugumu wangu uko hapo hapo. Tuseme namba zote zimebadilika kidogo, hakuna hata moja ya kutisha. Joto 37.8, mapigo 112, presha ya juu 108, pumzi 24, oksijeni 95. Nikipiga simu nitasemaje? Nahisi nitajibiwa "endelea kumwangalia". Pia hiyo oksimita ya kidoleni niiamini kiasi gani?

Sista_Zamu

Umetoa mfano mzuri kuliko ambao ningetunga mimi. Kwa hali kama hii kuna alama za tahadhari za NEWS, zilizotolewa na Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha Uingereza mwaka 2012 na kuboreshwa 2017. Kila kipimo kinapewa alama 0 hadi 3 kulingana na kilivyotoka kwenye kawaida. Mgonjwa wako: joto 0, mapigo 2, presha 1, pumzi 2, oksijeni 1, anajitambua 0. Jumla 6. Kwa mpango huo, 5 au zaidi ni kuitwa daktari kwa haraka, na 7 au zaidi ni dharura. Kipimo kimoja tu kikipata alama 3 peke yake nacho kinahitaji daktari amwone, mathalani pumzi 25 na kuendelea, pumzi 8 na kushuka, au mtu aliyeanza kuchanganyikiwa ghafla. Unaona? Hakuna namba ya kutisha hata moja, lakini mgonjwa mzima anatisha. Kama hospitali yako ina chati yake ya tahadhari, fuata hiyo. Kama haina, beba hii mfukoni.

Kuhusu simu. Usianze na "samahani kwa kukusumbua daktari". Anza na jambo. Upo mpangilio wa sehemu nne uliotokana na mawasiliano ya kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani, ukaletwa hospitalini: hali ilivyo sasa, historia fupi, unavyoiona wewe, na unachoomba. Kwa mgonjwa wako mimi ningesema hivi:

"Daktari, ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Napiga kuhusu mgonjwa wa kitanda cha 6, alama zake za tahadhari zimepanda kutoka 1 hadi 6 ndani ya saa 4. Ni mwanamume wa miaka 48, ameshonwa utumbo uliotoboka leo saa nane mchana. Sasa pumzi 24, zilikuwa 16. Mapigo 112, yalikuwa 84. Presha 108 kwa 88. Mkojo mililita 15 kwa saa mbili mfululizo, ana kilo 62, mpira haujaziba. Dreni imetoa mililita 120 nyekundu tangu saa sita. Miguu imepoa. Naona anavuja damu au anaanza kupata maambukizi makali. Naomba uje umwone sasa. Wakati unakuja, nitume sampuli ya damu ya makundi? Niongeze kasi ya dripu?"

Hapo atakuja. Akisema "endelea kumwangalia", muulize: "Nimpime tena baada ya muda gani, na ikifika namba ipi nikupigie?" Andika jibu lake pamoja na saa. Halafu moyo wako ukikataa kutulia, pigia anayemzidi cheo, au msimamizi wa zamu. Hilo si utovu wa adabu. Mgonjwa hana namba ya simu ya daktari, ana wewe.

Kabla ya kupiga, uwe umeshika faili, umetoka kumwona mgonjwa kwa macho yako dakika hiyo, na unajua dawa alizopewa na mzio wake. Daktari akikuuliza "mkojo kiasi gani?" nawe ukaanza kutembea kwenda kutazama, simu imepoteza nguvu.

Oksimita ni chombo kizuri, ila kijue. Vidole vya baridi, rangi ya kucha na mtu anayetetemeka huiharibu. Na kwa watu wenye ngozi nyeusi inaweza kusoma juu kuliko ukweli. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulilinganisha oksimita na vipimo vya damu ya ateri, ukaonyesha kwamba upungufu wa oksijeni uliofichika ulikuwa mwingi zaidi kwa wagonjwa weusi. Kwa hiyo 93 kwa mgonjwa anayepumua 26 na kutumia misuli ya shingo, mimi naamini shingo. Kumbuka pia kwamba mtu aliyewekewa oksijeni anaweza kuonyesha 98 huku akiwa haingizi na kutoa hewa ya kutosha. Hapo hesabu ya pumzi ndiyo itakayomfichua.

Niliyepona

Mimi si muuguzi, nilipasuliwa tumbo na nimekuwa nikisoma hapa kimya. Niseme kitu kimoja kwa niaba ya tunaolala vitandani. Kila aliyepita alikuwa ananiuliza "unaumwa?" nami nimelala kimya bila kutikisika, najibu "siumwi sana". Kweli nilikuwa siumwi, kwa sababu nilikuwa siguswi na sipumui ndani. Muuguzi mmoja ndiye aliyeniuliza "ukikohoa je?" Nikamwambia siwezi hata kujaribu. Akanipa dawa, akarudi baada ya muda, akanipa mto niukumbatie juu ya mshono, akasema vuta hewa polepole, shika kidogo, toa, halafu kohoa huku unabana mto. Akafanya pamoja nami, hakuniagiza tu na kuondoka. Niliogopa mshono utafumuka, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba nikishikilia hivi hautafumuka. Naomba muwaambie wagonjwa wenu.

Sista_Zamu

Ndugu yangu, asante kwa kuandika hili, ningependa kila muuguzi alisome. Nesi_Mgeni, liandike kwenye daftari lako juu kabisa: maumivu yapimwe mgonjwa anapokohoa na anapojigeuza. Mtu asiyeweza kuvuta hewa ndani kwa ajili ya maumivu, vifuko vya chini vya mapafu hufunga, makohozi yanatuama, na baada ya siku mbili tatu ana homa na nimonia. Kwa hiyo dawa ya maumivu kwa wakati ni sehemu ya kinga ya mapafu. Mpe kabla ya mazoezi, subiri ifanye kazi, ndipo umkalishe, kichwa cha kitanda kimeinuliwa nyuzi 30 hadi 45, avute hewa ndani mara 10 kila saa akiwa macho.

Miguu nayo. Akiwa kitandani achezeshe nyayo juu na chini. Asubuhi, kama mpasuaji hajakataza, akae ukingoni mwa kitanda miguu ikining'inia, umpime presha, umuulize kizunguzungu, ndipo asimame mkiwa wawili. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, una joto na unauma kwenye shavu la mguu, usiuchue na usimruhusu ndugu yake auchue. Mwite daktari.

Na kuna moja la siku za mbele, kama siku ya 5 hadi ya 10. Mgonjwa anaendelea vizuri, ghafla anasema "nimehisi kitu kimeachia", na bendeji inalowa majimaji ya waridi kwa wingi. Tumbo linaweza kuwa linafunguka. Mlaze, kichwa kimeinuka kidogo, magoti yakunjwe ili tumbo lilegee. Utumbo ukionekana, ufunike kwa gozi iliyotakaswa na kulowekwa maji ya chumvi ya dripu, usiurudishe ndani kwa mkono. Asile wala asinywe. Mwenzako apige simu, wewe usitoke pembeni yake.

Mkipokezana zamu, msipokezane mezani. Nendeni kitanda kwa kitanda, aliyekuwepo na anayeingia, mtazame mfuko wa mkojo pamoja, dreni pamoja, dripu imebaki kiasi gani, bendeji ikoje. Ukitoka hapo utakuwa umeshajua watu watatu au wanne wa kuanza nao: waliopasuliwa leo, walio kwenye oksijeni, na yeyote ambaye muuguzi wa jioni amesema "huyu sijampenda". Hilo neno la mwenzako liheshimu hata kama namba zinasema vingine.

Nesi_Mgeni

Nimeelewa, na ile hofu imepungua. Swali dogo la mwisho: wodi yetu haina mashine za kuendesha dripu, tunahesabu matone. Daktari akiandika lita moja kwa saa 8, mnafanyaje haraka usiku bila kukosea?

Kaka_Nesi

Kwanza soma pakiti ya mpira wa dripu, imeandikwa matone mangapi yanafanya mililita moja. Mipira mingi ya watu wazima ni 20, mingine 15, na ile ya matone madogo ni 60. Zidisha ujazo kwa hiyo namba, gawanya kwa dakika. Mililita 1000 mara 20 ni 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Unapata karibu matone 42 kwa dakika. Kwa mpira wa 15 ni kama 31. Ukichanganya mipira hiyo miwili, mgonjwa atapata theluthi zaidi au robo pungufu.

Ukishaweka kasi, bandika plasta ubavuni mwa chupa na uchore mstari wa kila saa, mililita 125 kwa 125. Ukipita na tochi unaona papo hapo kama imekimbia au imechelewa. Mkono ukikunjwa au mgonjwa akigeuka kasi hubadilika, kwa hiyo hesabu upya kila unapomgeuza. Ikichelewa usiifungulie ikimbie ili kufidia, hasa kwa mzee au mwenye moyo na figo dhaifu. Mwambie daktari, apange upya. Na kanula ikivimba, ikiuma au ngozi ikipoa kuzunguka sindano, ifunge na uitoe, weka nyingine mkono wa pili.